Mama Alivyoikanyaga Theluji

Kwa Kaka Sindre,

Salamu kutoka nyumbani. Sisi wazima, na paka amezalia kabatini.

Najua umeapa kutokuja Pasaka iwapo Mama atapanda tena mlima ambao theluji yake iliporomoka ikamfukia Baba. Nisikilize kwanza.

Jumamosi jua liliwaka vizuri, tukabeba mbao zetu za kuteleza. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo ulikuwa na mawingu yaliyozuia baridi, theluji haikuganda. Mama alipoikanyaga, alizama hadi gotini. Akageuka papo hapo, maana theluji laini ndiyo huporomoka.

Jirani yetu Oddvar akacheka. "Vipi Torunn, umeogopa?"

"Nimeogopa, ndiyo. Wewe panda tu, tutakuja kukufukua."

Oddvar naye akageuka.

Jana usiku nyota zilijaa na baridi ikauma. Leo alfajiri Mama aliichoma theluji kwa fimbo, ikagoma. Akairukiarukia kama mtoto, haikubonyea.

"Haya Ragna, twende. Jua likianza kuilainisha, tunateremka, hata kama kilele kiko puani."

Tulifika, Kaka! Wakati wa kuteremka Mama alikuwa mbele yangu, anacheka kwa sauti. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi. Njoo umsikie.

Mdogo wako anayekungoja,
Ragna