Kitenge Nilichomtandikia Komanda

Jumapili, 9 Februari 2003

Leo wakimbizi wamekula nyama! Wiki nyingi kikapu cha matoleo kilikuwa kinafika altareni na sombe, yale majani ya muhogo, kuni, na yai la yule bibi asiyejua kukata tamaa. Watu wenyewe hawana kitu. Samaki wa Mahagi-Port hawafiki, barabara zimefungwa, na waliokimbia vita kutoka Djugu wakaja hapa Bunia wamejaa salle, ukumbi wa katekisimu, hadi mlangoni. Padri Théodore aliwagawia chakula cha nyumba ya mapadri mpaka nacho kikaisha.

Basi leo, ngoma zinalia, siye mama wa matoleo tunacheza kuelekea altare — nageuka, naona ng'ombe mlangoni! Ng'ombe mzima, na magunia ya maharage mabegani mwa askari. Mbele yao komanda, yule anayeshika mtaa wetu kwa bunduki, kofia mkononi, anatabasamu.

Sijui nini kilinishika. Njaa ya wale watoto wa salle, labda. Nilifungua kitenge changu cha juu, kile cha Mama Wakatoliki chenye picha ya Bikira Maria, nikakitandika chini ili apite juu yake, kama tulivyomfanyia askofu. Wenzangu wakaona kiongozi wao ametandika, nao wakatandika. Vigelegele! Komanda akatembea juu ya vitenge vyetu mpaka altareni, na buti zake.

Nyumbani nikamwambia Gustave, bwana wangu, kwamba Mungu amejibu. Akasugua miwani yake na shati, tena na tena. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefua kitenge. Alama ya buti haitoki, iko palepale karibu na uso wa Bikira. Nimesugua hadi vidole vinauma.

Mwishowe Gustave amesema. Yeye ni mkubwa wa Justice et Paix, kamati ya haki na amani ya parokia, hilo nalijua, mimi ndiye ninayewapikia chai. Nililokuwa silijui: wametunga ujumbe, utasomwa Jumapili ijayo baada ya komunyo. Unasema watoto waliopewa bunduki warudishwe kwa mama zao, pande zote. Unasema Kanisa halina kundi. Unasema mwenye silaha asihubiri kanisani. Na atakayeusoma ni yeye.

Na mimi nimetangulia kumtandikia komanda njia! Ee Mungu, si ungenishika mkono?

Jumatano, 12 Februari

Askari amekuja uani, nilikuwa natwanga sombe. Ana adabu. Adabu yake ndiyo iliyonitisha. Komanda anawashukuru mama wote, kasema, Jumapili atarudi na magunia mengine, na safari hii atasema neno kwa mikro, kipaza sauti cha padri.

«Mama Ushindi, si ni weye ulimutandikia kitenge? Sasa kanisa iko yetu.»

Nikacheka. Cheko gani lile, sijui lilitoka wapi. Halafu akauliza: «Tunasikia kuko barua moja watasoma. Ni nani atasoma ile barua?»

Nikasema sijui, mimi kazi yangu ni kucheza tu. Wakati huohuo Gustave yuko nyuma ya nyumba anatengeneza uzio wa lupango, anapiga mluzi wa wimbo wa komunyo! Askari akasikiliza kidogo, akaenda. Namshukuru Mungu kwamba mtoto wetu Ushindi tulimpeleka Mahagi kwa dada yangu kabla barabara hazijafungwa.

Alhamisi, 13 Februari

Mkutano wa conseil, baraza la parokia. Marcellin, mwenye duka, kapiga meza. Mkono mtupu haulambwi, kasema, na aliyeleta maharage anastahili angalau kusikilizwa. Akamgeukia padri: «Wale watu watakula nini, Padri? Hii politique yenu itawashibisha?»

Padri Théodore hakupaza sauti. «Komanda alimuletea Mungu. Kama leo anaomba bei, basi haikukuwa toleo, ilikuwa soko.»

Nikauliza kwa nini asisome yeye mwenyewe. Akajibu kwamba padri akisoma, watasema mapadri wanafanya siasa. Akisoma baba wa familia, ni wakristu wenyewe wanasema. Nikamjibu vibaya: «Weye, Padri, nyumbani kwako nani atakulilia?» Akaniambia mama yake bado yuko hai.

Nimeona haya. Lakini hofu yangu haina haya.

Ijumaa, 14 Februari

Kwenye maji, Mama Vanessa, jirani, kaninong'oneza: wale wapiganaji wa upande wa pili wameshasikia habari ya vitenge. Siku wakiingia Bunia wataanza na mama waliotandika. Nimemwaga ndoo nusu njiani.

Huku watatupiga kwa ajili ya karatasi, kule watatupiga kwa ajili ya kitenge. Tusimame wapi?

Jumamosi, 15 Februari

Nimeficha miwani ya Gustave.

Ndiyo! Bila miwani hatofautishi kuku na sufuria. Asiposoma, haendi. Akaitafuta chini ya mkeka, kwenye mfuko wa koti, hata ndani ya chungu cha unga. Mimi nikamsaidia kutafuta! Nikasema labda panya. Panya gani wa kuvaa miwani?

Wakati wa kula akafumba macho. Akaanza: «Ndugu wapendwa katika Kristu…» Akausema ujumbe wote, mwanzo hadi mwisho, hakuruka hata neno. Nilikuwa nimesahau nimeolewa na nani. Huyu ndiye aliyewafundisha nusu ya mtaa katekisimu kwa kichwa, swali na jibu, vitabu vilipokuwa vimechomwa.

Alipomaliza, akasema polepole: «Mama Ushindi, ukiiona ile miwani, uniwekee tu karibu.»

Anajua! Nikalia juu ya sahani. Nikamwambia atangaze ni mgonjwa, malaria haiombi ruhusa. Akaniambia: «Miye pia niko naogopa. Tena sana.» Sijawahi kumuona hivyo tangu tuoane. Ningependa awe jasiri au awe mwoga, nijue moja.

Jumapili, 16 Februari

Naandikia humu sakristiani, chumba cha nyuma ya altare. Nimekaa juu ya sanduku la kanzu. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa vitambaa vya altare, na mikono yangu inataka kazi.

Komanda alikuja. Wakati wa matoleo akasimama mlangoni, magunia nyuma yake, akangoja. Ngoma zinalia. Mama wote wananiangalia. Nikashika fundo la kitenge changu — nikashika tu. Sikufungua. Ngoma zikalia mpaka zikachoka. Mwishowe akapita juu ya simenti, kanisa zima likasikia buti zake.

Padri alisema maharage ni ya wenye njaa na watayala, na mikro ni ya Neno la Mungu. Komanda akakaa kiti cha mbele, uso umefungwa. Askari wake wakajipanga ukutani. Hapo padri akatuonyesha kwa mkono sisi mama tuingie huku na watoto. Angélique, mwenzangu wa matoleo, akafunga mlango. Gustave amebaki huko.

Komunyo imekwisha. Ni yeye! «Ndugu wapendwa…» Sauti inatetemeka. Sasa haitetemeki.

Wamezima groupe, ile jenereta ya umeme. Mikro imekufa. Anaendelea bila mikro, ile sauti yake ya darasani. Nasikia kila neno. Watoto warudishwe. Pande zote. Kanisa halina kundi. Hajasahau kitu, mume wangu! Na miwani yake iko hapa kwenye fundo la kitenge changu, nilitaka kumpa asubuhi, mkono ukakataa.

Amesema amina. Hakuna anayejibu.

Buti. Askari anamwambia Gustave kwa adabu: twende, Papa. Gustave anaomba kwanza achukue kofia yake. Kofia, saa hii! Padri anasema kwamba basi na yeye anakwenda naye. Wanamwambia abaki.

Angélique amesimama. Anafungua kitenge chake cha juu. Na Françoise. Na yule bibi wa yai, ambaye kitenge chake ni hicho kimoja. Wananiangalia, maana ni mimi huanza. Toka altareni hadi mlangoni, Gustave apite juu ya vitenge vyetu, kanisa zima lione ni nani tumemtandikia safari hii. Namfikiria Ushindi.

Angélique ameshika kitasa cha mlango. «Tangulia, Mama Ushindi. Siye tuko nyuma yako.»

Nafungua, kisha natangulia. Fundo limekaza kwa ajili ya miwani. Bikira, hivi vidole —