Goti Bandia

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa mdogo wangu Anjelina,

Marahaba, maana najua umeniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Mikorosho imeanza kuchanua huko Newala? Na hayo magoti yako, yanakuacha ulale? Sisi huku wazima. Mwanangu Albano bado anachonga vinyago uani, na vumbi la mpingo linatuingilia mpaka kwenye uji.

Nakuandikia kwa sababu simu ungenikatia. Mwaka wa tatu huu hatujaonana, mdogo wangu. Mimi sikuweza kupanda basi, wewe hukuweza kupanda. Nilianza kuogopa kwamba tutakuja kuzikana kwa simu.

Unakumbuka daktari aliposema goti langu limelika, na dawa ni kuwekewa goti bandia. Bandia! Mimi niliyeuza vitenge sokoni Rangi Tatu tangu ujana, nikigombana na kila aliyeniletea kitenge bandia? Nilimwambia anitafutie goti halisi kama analo. Nikashika fimbo yangu, nikaondoka, nikakupigia, nawe ukaniapisha nisikubali kukatwa.

Albano ndiye aliyenimaliza maneno. Alicheka, kisha akaniuliza marehemu baba yake alikuwa akitafuna korosho kwa meno gani. Meno yale ya bandia niliyasugua mwenyewe kila asubuhi, na hayakutudanganya hata siku moja.

Nikarudi kwa daktari, binti wa Kichaga aitwaye Eliaichi. Alisema siku hizi tunazeeka wengi, na miaka ijayo foleni ya magoti na nyonga itazidi kurefuka, ndiyo maana wanawafundisha vijana kazi hiyo kwa bidii. Akanisihi nisingoje mpaka nishindwe kunyanyuka kitandani.

Sasa kama umesimama, kaa. Ile homa niliyokwambia wakati wa Kwaresima haikuwa homa. Nilikatwa. Niliumia, nililia, nilimtukana kijana aliyenifanyisha mazoezi, lakini leo naenda kanisani bila fimbo. Nisamehe kwa kukuficha. Nilikuogopa wewe kuliko kisu.

Barua hii nimempa dereva wa basi. Mimi mwenyewe nafuata Jumamosi kukuchukua, na Eliaichi ameshakubali kukupima. Msalimie shemeji, wasalimie na majirani, kisha fungasha nguo. Wala usijaribu kunikimbia, maana kati yetu wawili mwenye goti ni mimi.

Dada yako akupendaye,
Marietha