Nikitaka Kutisha Wananicheka, Nisipotaka Wifi Analia

Shangazi mshauri, shikamoo. Mimi huwa nasoma safu yako kila wiki nikingoja plasta ya sampuli za meno ikauke, na sikuwahi kufikiri kwamba iko siku nitakuandikia, maana niliona wanaokuandikia ni watu wenye mambo ya ndoa, na langu mimi ni mchezo, lakini huu mchezo umenifikisha mahali sijielewi, kwa hiyo naomba univumilie nikueleze tangu mwanzo.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia, nina miaka thelathini na moja. Kila Jumamosi saa nane mchana tukishafunga karakana, tunakutana watu wanne chumba cha nyuma tunacheza mchezo wa hadithi za kutisha, si wa kompyuta, ni wa mezani na mdomoni. Mmoja anakuwa msimulizi, anawaambia wenzake wako wapi na nini kinawatokea, na wenzake kila mmoja ana mhusika wake, anasema anafanya nini, na pale isipojulikana kama atafanikiwa anarusha dadu. Msimulizi wetu alikuwa mkutubi mmoja, mtu wa maneno machache, akisema tu "mlango uko wazi kidogo" sisi sote tunasogeza viti karibu. Miezi mitatu iliyopita akahamishwa kikazi, akanikabidhi boksi la dadu na kitabu cha kanuni, akasema sasa wewe ndiye utaendesha. Nikamuuliza nitawezaje, akasema utaweza tu, akaenda zake.

Shangazi, sikuweza. Niliandika kurasa hamsini na mbili kwenye daftari, nikashusha pazia, nikapanga mezani sampuli za meno ya plasta nikidhani zitawatia woga, nikaanza kusoma kwa sauti nzito, na kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza fundi friji, yule tunayemwita Baridi, akaokota taya moja akalichezesha kama linaongea, "Jamani mimi nina njaa," wakacheka mpaka nikapoteza mstari niliokuwa nasoma. Wiki iliyofuata maiti yangu ilipofufuka Baridi akaiuliza kama ina bima. Dada wa mapokezi wa karakana yetu naye ananiuliza kanuni, mimi napekua kitabu dakika kumi huku zimwi limesimama linasubiri zamu yake. Aliyekuwa hanicheki ni wifi yangu tu. Huyu ni mke wa kaka yangu, tunakaa nyumba moja, na ni rafiki yangu kuliko ndugu niliozaliwa nao, tukirudi nyumbani ananiambia usijali, leo ilikuwa afadhali, na najua ananidanganya ila uongo wenyewe nilikuwa naupenda.

Sasa Jumamosi iliyopita wamefika kwenye korido ya ile nyumba ya hadithi, nafungua daftari, nakuta nimebeba daftari la oda za wagonjwa. Mkononi nilikuwa na kijiko, nikagonga glasi ya chai mara mbili haraka, nikatulia, nikagonga mara moja, nikasema, "Kuna mtu anagonga nyuma ya ukuta." Wala sikupanga. Nikagonga tena vilevile, na wifi akaitika, "Abee, mama," akawa ameshainuka nusu kwenye kiti.

Shangazi, mama yetu ana miezi saba tangu afariki. Aliugua mwaka mzima, sauti ikamwishia, akawa akitaka kitu anagonga kikombe kwa kijiko, hivyohivyo, mara mbili halafu moja, na wifi ndiye aliyekuwa anakwenda. Mimi nilikuwa chumba cha pili na kazi nilizobeba nyumbani, mara nyingine nilikuwa nasikia ila nilijua wifi ataitika. Naapa nilipogonga glasi sikukumbuka hayo. Wale wawili wakadhani wifi anaigiza, wakapiga makofi, Baridi akasema nywele zimemsimama, leo umeua, na wifi akaitazama ile glasi, machozi yanamtoka, akachukua mkoba akatoka. Na aibu yangu iko hapa: nilifurahi. Si kwa muda mrefu, lakini nilifurahi kwamba hatimaye nimemtisha mtu.

Tangu siku hiyo wifi ananisalimia, ananipakulia chakula, na haniangalii usoni. Kaka ananiuliza mmekosana nini, nageuza mazungumzo. Baridi kila siku ananitumia ujumbe, Jumamosi turudie ile ya kugonga. Sasa mimi ni msimulizi mzuri au ni mtu mbaya? Niache mchezo? Nimwombe wifi radhi, na nikimwomba si ndiyo nitamkumbusha upya? Nikisema sikukusudia nani ataniamini, wakati mimi mwenyewe sina uhakika? Nimegeuza haya mambo mpaka sijui hata nianzie wapi.

Fundi Meno

*

Marahaba, Fundi Meno.

Tulia kwanza. Umepika vitu viwili kwenye sufuria moja, ndiyo maana huonji ladha ya chochote. Kuna mchezo na kuna wifi. Tuanze na kilicho chepesi.

Mwanangu, kurasa hamsini na mbili? Nani alikwambia watu wazima waliotoka kazini wanataka kusomewa? Mkutubi wenu alisema mlango uko wazi kidogo, akanyamaza. Wewe ungewapa mlango, bawaba, kutu ya bawaba na seremala aliyeipigilia. Woga haumo kwenye daftari lako, umo ndani yao, na kazi yako ni kuuachia nafasi. Waulize. "Baridi, umeshika kitasa. Kikoje?" Akijibu mwenyewe atajitisha mwenyewe. Akicheka mwache acheke, maana huyo ndiye mwoga kuliko wote hapo mezani. Asiye na woga hahangaiki kuongelesha plasta. Kicheko kikiisha, sema sentensi moja kwa sauti yako ya kila siku, uendelee. Ukisahau kanuni, amua papo hapo, songa mbele, kitabu utakisoma nyumbani. Na usikae kungoja ujiamini ndipo uendeshe. Unaendesha hivyohivyo ukitetemeka, na mtetemo unapungua taratibu. Mimi barua yangu ya kwanza niliifuta mara tisa, na aliyeniandikia alikuwa anauliza dawa ya chunusi.

Ila kosa umefanya, na sikufichi. Unatisha watu bila kuwauliza wanaumia wapi. Daktari angekuletea kazi bila kukwambia ni jino gani, si ungemrudishia? Kabla ya Jumamosi nyingine kila mchezaji akwambie, hata pembeni akitaka, jambo gani halitaguswa. Ugonjwa, mtoto, maji, chochote, na usiulize kwa nini. Kisha mkubaliane kwamba mtu akilaza kiganja mezani hadithi inageuka hapohapo, bila maswali na bila utani. Baridi mwambie ile ya kugonga hairudiwi. Akitaka sababu, mwambie si yako kuitoa.

Ulifurahi, nimesikia. Umechekwa miezi mitatu, mtu mmoja akashtuka, ukafurahi kabla hujajua kimempata nini. Usijipige kwa hilo. Ningekuogopa kama ungekuwa unafurahi mpaka leo.

Sasa wifi. Unaogopa kumkumbusha, kana kwamba amesahau. Mtu anayeitika "abee" miezi saba baada ya mazishi, wewe utamkumbusha nini tena? Na huko kuuliza kama wewe ni mtu mzuri au mbaya kuache kwa sasa, kunakupa kazi ya kujitazama kwenye kioo wakati mwenzako analia chumba cha pili.

Kuna mahali kwenye barua yako umepita mbio. Ulikuwa unasikia, ila ulijua wifi ataitika. Hapo nilisimama, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Unasema ulipogonga hukukumbuka, na mimi nakuamini. Kichwa hakikukumbuka. Lakini mkono hauwezi kuujua mlio ule, mara mbili halafu moja, kama masikio hayakuusikia siku nyingi. Na wifi yako si mjinga. Aliitazama ile glasi akaelewa kwamba kumbe nyumba nzima mlikuwa mnasikia, na aliyekuwa akiinuka ni yeye peke yake. Unasema haangalii uso wako. Mwanangu, angekuangaliaje?

Kwa hiyo usiende kumwomba radhi ya mchezo, mchezo ulikuwa bahati mbaya. Leo kaka yako akiwa hayupo, mfuate alipo, shika kazi anayoifanya, na mwambie: "Nilikuwa namsikia mama, na nilikuacha uende wewe." Hapo ukomee. Usiweke "lakini," usitaje kazi ulizobeba nyumbani, usilie wewe kwanza ili akubembeleze. Akinyamaza, nyamaza naye, hata kikiwa kimya kirefu. Akikugombeza, sikiliza mpaka amalize, maana ana mwaka mzima wa kusema. Akikwambia hataki tena kucheza, mkubalie, na Jumamosi ipite bila mchezo, hakuna atakayekufa.

Huenda asikusamehe leo. Mtu aliyechoka peke yake hasamehe kwa sentensi moja. Wewe kaa karibu, na siku atakapokuita, hata kama ni chumvi tu anataka umsogezee, inuka.