Mama Mkwe Kaosha Pampu Yangu ya Maziwa, na Fundi ni Baba Mkwe

Bibi Anyisile, shikamoo, na nakuomba usinicheke mpaka nimalize. Mimi ni mwalimu hapa Matema, nina mtoto wa miezi miwili, Lugano, na mwisho wa mwezi likizo ya uzazi inaisha, kwa hiyo dada yangu wa Mbeya akanitumia pampu ya kukamulia maziwa, ile ya betri unayoivaa ndani ya sidiria, inakamua huku unasahihisha madaftari, na mama mkwe aliponiuliza hicho ni nini, kwa aibu nikamwambia ni kikombe, nikawa naianika na vyombo kichanjani ili nisionekane nina siri. Jumanne mama mkwe kwa wema wake akakiosha hicho kikombe, akakitumbukiza kizima kwenye beseni la masufuria, mota na betri humo humo, akakisugua na majivu, nami nilipomkuta nikapiga kelele majirani wakisikia, "Mama, umemuua mwanangu kwa njaa!" na tangu siku hiyo hanisemeshi, sahani ya chakula ananisukumia tu. Mume wangu Brighton, anayeshinda shambani kwake, akasema dawa yake ni mchele, akaifukia guniani siku mbili, tulipoitoa ikanguruma kidogo, ikatema pumba, ikanyamaza. Sasa fundi wa karibu anayejua mambo ya betri ni mmoja tu, anatengeneza redio, simu na taa za sola, naye ndiye baba mkwe, na wewe unajua, Bibi, sisi Wanyakyusa mkwe hakai mbele ya baba mkwe, mimi nikimwona njiani napitia migombani, sasa nitampelekaje kitu kilichotoka kifuani mwangu? Brighton anataka kukipeleka yeye, nimemwambia akithubutu narudi kwetu Njisi, lakini siku zinakwenda, maziwa yananichuruzika mpaka blauzi inalowa, na ya kopo tulimjaribishia Lugano akayatapika yote kwenye shati la baba yake. Nifanyeje?

Mama Lugano, Matema

*Bibi Anyisile anajibu:*

Marahaba, Mama Lugano. Nimecheka. Nilijikaza mpaka kwenye majivu, hapo nikashindwa. Mimi sikusoma, barua zenu ananisomea Nancy hapa gazetini, naye ilibidi akanywe maji kwanza ndipo aendelee.

Sasa nikugombeze. Mwalimu mzima unamwambia mwanamke aliyenyonyesha kwamba mashine ya ziwa ni kikombe? Kikombe si kinaoshwa! Ulitaka akifanyie nini, akiombee? Aibu ya nini? Huyo Brighton alikuzwa kwa ziwa la nani, la mbuzi?

Na yeye Brighton mwambie hivi: mchele wa Kyela umejaliwa kunukia, ufundi haukupewa. Mmefukia mota kwenye gunia lenye pumba na vumbi la mashine ya kukoboa, halafu mnashangaa ikitema pumba. Ningekuwa karibu ningemfukia yeye.

Hilo la baba mkwe silichezei. Mimi mwenyewe niliwahi kumkimbia wangu nikazama jarubani mpaka magotini, ndoo kichwani, na yeye maskini akageukia ng'ombe, akawa anamsalimia ng'ombe kwa heshima zote mpaka nilipojinasua. Kwa hiyo sikuambii uache mila. Wewe ndiye usiyekaa mbele yake. Mota haijaolewa na mtu.

Kwanza, usiichaji. Nimemuuliza Dainess, fundi wa simu hapa Kyela mjini, akaniapia kwamba betri iliyolowa ukiichomeka kwenye umeme inaweza kuwaka moto, na wewe kitu hicho unakiweka kifuani! Vitoe vile vinavyogusa maziwa, kikombe chake na kile kipira chembamba, uvioshe, vikae chumbani kwako, fundi havimhusu. Kitakachobaki ni kidude chenye mota, hicho ni kama redio isiyo na matangazo. Akifungue, atoe pumba, apanguse kwa mswaki mpya na spiriti, kikauke kivulini penye upepo, si juani wala jikoni. Betri ikiwa imevimba, isirudi humo hata kwa maombi. Kikiwaka, kiachieni mezani kwanza muone kama kinapata joto, ndipo uvae.

Nani akipeleke? Si Brighton, atakifukia tena njiani. Kitapelekwa na mama mkwe.

Ndiyo, huyo huyo asiyekusemesha. Ulimpigia kelele majirani wakisikia, basi na radhi umwombe majirani wakisikia. Ukimnong'oneza jikoni nitajua. Piga magoti uani, useme, "Mama, nilikudanganya, kile si kikombe, kinakamua maziwa ya mjukuu wako, na kelele zangu zilikuwa za woga." Halafu mwonyeshe kinavyovaliwa. Akitaka kujaribu, mwachie ajaribu. Nakuambia atacheka mpaka akae chini, na kufika jioni mzee atakuwa ameshika bisibisi.

Wakati huo una vidole kumi. Nawa kwa sabuni, kanda ziwa polepole, kidole gumba juu ya ule weusi, vingine chini, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Chuchu usiivute, wewe si ng'ombe. Ziwa likiwa gumu, jekundu na homa ikipanda, usiniandikie mimi, nenda zahanati.

Na kamwombe mwalimu mkuu muda wa kunyonyesha, ni haki yako, usiuombe kama mtu anayeomba chumvi. Mota inaweza kupona au isipone. Lakini saa nne kengele ya mapumziko ikilia, Lugano atafika shuleni kwa mgongo wa nani? Brighton yuko shambani, dada yuko Mbeya. Ni mama mkwe, gwe mwana, hakuna mwingine. Weka gazeti chini, nenda uani sasa hivi, na magoti yawe ya kweli.