Giga Nane za Kushuka Kitonga

Jumapili ya Juni. Uyole, Mbeya.

Leo ukungu haukuondoka hadi mchana. Baridi ya kuuma vidole. Nimevaa sweta mbili na bado naandika huku napuliza mikono.

Nisipoandika hapa nitamwambia mtu wa mtaani, na sitaki mtu wa mtaani ajue.

Mnaosoma blogu hii mnajua habari za baba na gemu yake ya malori. Kwa asiyejua: baba alizaliwa miaka ya sabini, barabara ya Zambia ikiwa bado mpya, na maisha yake yote kayamalizia juu ya barabara hiyo. Miaka kadhaa iliyopita alikuwa anatoka Tunduma na shehena ya shaba kwenda Dar, lori likamshinda kwenye mteremko wa Kitonga. Alikatwa mguu wa kushoto. Utingo wake alikufa palepale.

Utingo wake alikuwa kaka yangu, Lusajo.

Breki zilifeli. Ndivyo baba alivyosema hospitali, na ndivyo tulivyowaambia watu msibani.

Kompyuta nilimnunulia mimi, iliyotumika, pamoja na usukani wa gemu, ili apate cha kufanya zaidi ya kumfokea mama. Ilisaidia kwa muda. Kadi yake ya picha ilikuwa ya giga mbili, na kwa barabara za Ulaya zilizokuja na gemu ilitosha. Kisha jamaa mmoja mtandaoni akatengeneza ramani ya barabara zetu: Igawa, Makambako, Mafinga, Iringa, mpaka Kitonga yenyewe. Baba akanisumbua hadi nikaipakua.

Giga mbili zikashindwa.

Nieleze kidogo, maana kwenye maoni mnaniuliza sana. Kumbukumbu ya kadi ndiyo inayoshika picha za kila kitu kilicho mbele yako: miti, mawe, lami, malori ya wenzako. Ikijaa, kompyuta inaazima kwenye kumbukumbu yake ya kawaida, na ile kwa kazi hii ni ya polepole, basi picha inakwama. Kule Usangu kwenye tambarare hakukuwa na shida. Kitonga, kona juu ya kona na msitu kila upande, picha ilikuwa inaganda katikati ya kona, na ikirudi lori limeshaingia bondeni. Nilishusha ubora wa picha mpaka lami ikafanana na uji. Bado.

Kila lori lilipoanguka, baba alinigeukia mimi.

"Umeninunulia kadi ya maskini. Angekuwepo Lusajo angejua cha kununua."

Aliyasema hayo mbele ya majirani. Siku nyingine aliyasema mbele ya mchungaji. Mama alikuwa anachambua maharage yake.

Wiki hii nimepanda basi hadi Iringa kwa Ezekia, niliyesoma naye chuo, siku hizi anauza vifaa vya kompyuta vilivyotumika. Hakunizungusha. Alisema ukitafuta kadi ya bei ya chini, giga nne ni za gemu za zamani, sita utaishi nazo, nane hutarudi dukani karibuni. Zaidi ya hapo kwenye kadi dhaifu ni kumbebesha mwanapunda gunia kubwa: nafasi ipo, nguvu hana. Alikuwa nayo moja ya nane. Niliichukua, na cherehani niliyokuwa naiwekea akiba nikaisahau.

Leo baada ya ibada nimeifunga.

Baba alianzia Mafinga. Misonobari imesimama mmoja mmoja, kivuli chake barabarani, hakuna kinachokwama. Akageuka akanitazama.

"Ndaga, mwanangu."

Sikumbuki mara ya mwisho kunishukuru, wala kuniita mwanangu. Nilifurahi kama mjinga, nikamwita mama aje aone.

Mama akaja na kigoda. Baba akapita Iringa, akaendelea, akafika Kitonga. Juu ya mteremko alikuwa anaongea na mama, anamwonyesha bonde lilivyo zuri, na kidole chake kikabonyeza kitufe cha gia. Hakukiangalia. Kidole kilikwenda chenyewe. Gia ikatoka, lori likawa fri.

Hata mimi najua maana yake. Dereva anatoa gia mteremkoni ili injini isile dizeli, na dizeli inayobaki anaiuza njiani. Nyumba yetu imekula dizeli hiyo. Ada yangu ilitoka humo.

Bila gia injini hailishiki lori, likachukua mwendo. Baba akabana breki. Kona ya kwanza akapona, ya pili likalala, likabingirika hadi chini. Picha haikukwama hata kidogo. Tuliona kila jiwe.

"Kadi bado ndogo," baba akasema.

Mama hakuwa anatazama skrini tena. Alikuwa anatazama kile kidole.

"Baba Lusajo. Siku ile pia ulitoa gia?"

Baba akasema breki. Akasema mvua. Akasema tajiri wake alikuwa hafanyi sevisi. Mama akamsubiri mpaka maneno yakamwishia, kisha akamwambia arudie, safari hii ashuke na gia. Baba akakataa. Mama akaniambia mimi nimrudishe juu ya mteremko.

Nilimrudisha. Nilikuwa na raha, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Akashuka na gia ndogo. Lori linaunguruma, linakwenda kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, malori mengine yanampigia honi nyuma. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye usukani, na kila alipotaka kuachia, mama alisema, endelea. Kona zikaisha. Lori likafika chini, likasimama kwenye tambarare, zima, na shehena yake yote.

Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Kumbe linafika," mama akasema.

Akabeba kigoda chake akaondoka. Sasa hivi godoro lake liko chumbani kwangu, na yeye amelala amegeukia ukuta. Hajalia. Hajala pia.

Baba yuko sebuleni ananiita. Anataka magongo yake. Nimeyaegemeza mlangoni, mahali mkono wake haufiki, na nilijua haufiki wakati nayaweka.

Nitampelekea. Asubuhi ataniomba niizime hiyo gemu, niifute, niuze kadi. Sitaifuta. Nitamwashia kila siku, na nitamwanzishia palepale juu ya mteremko.