Mkate wa Jibini na Pua ya Shemeji Yako

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kifaranga,

Tafadhali kaa kwanza. Nakujua, barua zangu unazisoma umesimama huku unatafuta kiatu cha pili. Hujambo lakini? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Na pale ghalani bado wanakupangia zamu za alfajiri, au wamekuonea huruma? Unakula? Usinijibu kwamba unakula. Niambie unakula nini.

Sisi huku hatujambo. Mama ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na sasa anaona hadi vumbi lililo juu ya kabati langu, wala hanyamazi. Binti yangu, Karani wako, amerefuka mpaka gauni la shule nililomshonea mwezi wa kwanza limekuwa kama shati. Bado anaandika kila kitu kwenye daftari lake, hata idadi ya mara ninazopiga chafya.

Sasa nikuombe radhi. Katika barua yako ya mwisho uliuliza kwa nini shemeji yako hatii hata neno moja la utani kwenye barua zangu siku hizi, nami nikakujibu kwamba kazi zimembana. Nilikudanganya, mdogo wangu. Alikuwa amenifunga mdomo. Leo yeye mwenyewe ameniambia, "Mwandikie yote, usimfiche kitu," kwa hiyo jiandae, barua ni ndefu.

Mwezi wa kwanza alishikwa na mafua makali, akalala wiki nzima. Akapona, homa ikaisha, lakini pua haikurudi. Nilijua siku nilipokuwa nakaanga vitunguu, yeye amesimama palepale juu ya kikaango, akaniuliza, "Leo tunapika nini?" Nikacheka, nikidhani ananitania. Nilipoinua uso nikaona hacheki.

Daktari alisema mishipa ya kunusia imeumia. Huenda ikapona polepole, huenda isipone, na dawa ya kumeza hakuna. Akamwambia kila asubuhi na jioni anuse vitu vinne: limau, kahawa, karafuu na kitunguu saumu, huku amefumba macho akijaribu kukumbuka. Alifanya hivyo wiki sita, mtiifu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Kisha siku moja nikakuta vile vikopo vinne vimesukumwa nyuma ya ndoo. Nilipomuuliza akasema, "Nanusa bati tu, mke wangu. Bati, bati, bati, bati."

Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ya ladha ya chakula tu. Lakini wewe unamjua shemeji yako. Fundi wa gesi! Mtu aliyekuwa akiingia kwenye jengo anasema, "Inavuja juu, jiko la upande wa kushoto," na ukipanda unakuta kweli. Watu walikuwa wakimwita kwa ajili ya pua yake kabla ya mikono yake. Basi akaificha habari ile kwa wateja wote, akaendelea na kazi.

Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kilio humfichua. Fundi wa gesi hupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba, gesi ikivuja povu linachemka. Yeye alikuwa na povu, lakini kwa miaka kumi na minane pua ndiyo iliyotangulia, na povu likafuata kwa heshima tu. Mwezi wa nne aliitwa na mama mmoja mwenye mgahawa mtaa wa pili, abadilishe bomba la jiko kubwa. Akabadilisha, akafuta mikono, akachukua kiberiti ajaribu. Mama wa mgahawa alikuwa anatoka stoo. Akapiga ukelele, "Usiwashe!"

Jikoni kote kulikuwa kumejaa gesi, Kifaranga. Mama yule alikimbilia mtungi akafunga, akafungua madirisha, akawatoa wafanyakazi wote nje. Hakuna aliyeumia. Shemeji yako alibaki amesimama na njiti mkononi, asisikie harufu yoyote.

Alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Akasukuma sanduku la vifaa chini ya kitanda, akakaa. Tangu siku hiyo hakwenda kazini. Chakula alikuwa anakula kama anayetimiza amri ya serikali. Suruali zake nimezipunguza kiuno mara mbili kwa cherehani yangu mwenyewe, na sindano ile ilikuwa kama inapita kwenye nyama yangu.

Aliyemkwepa kuliko wote ni yule mama wa mgahawa. Akimwona barabarani anavuka upande wa pili. Mama yule alikuja hapa mara mbili kumjulia hali, na mara zote mbili mume wangu akawa "amelala", saa tano ya mchana. Mara ya tatu hakumwulizia kabisa. Alivuta kiti akakaa karibu na cherehani yangu, akaninong'oneza, "Mwanangu, hebu niambie. Hapa kwako mnapika chakula gani ambacho mtu hawezi kukila peke yake?"

Nikavihesabu vyakula vyetu kichwani. Kila mtu na sahani yake, ndivyo tulivyo.

"Basi nitakufundisha mkate," akasema. "Mtu akipotelewa na ladha, usimhubirie. Mpe cha kushika, cha kuvuta, cha kuchekesha. Jibini likianza kuvutika kama mpira, hata hakimu hucheka. Jumamosi nitakuja na jibini langu. Nitakuja kula, sitakuja kusema."

Nakuandikia namna ya kuufanya, kwa sababu nataka na wewe uufanye. Unakanda unga wa ngano na hamira, maji ya uvuguvugu, chumvi na sukari kidogo. Unauacha uumuke hadi uwe mara mbili, unaufinyanga uwe duara, unauoka. Mimi sina oveni, nimetumia ile sufuria nzito ya Mama, kifuniko juu, moto mdogo kabisa chini. Mkate ukipoa unaukata kwa kisu mistari ya kupishana, kama madirisha ya jengo, lakini kisu kisifike chini. Hapo ndipo penye mtihani. Mkate wa kwanza Karani aliukata mpaka mezani, ukatawanyika vipande ishirini. Tukaula wawili jikoni, ushahidi ukapotea.

Kisha unaponda kitunguu saumu pamoja na chumvi, unachanganya na siagi laini na majani ya giligilani, unapaka ndani ya kila mpasuko. Usiogope kuchafua vidole. Unaurudisha kwenye moto upate joto, halafu jibini lililokunwa linaingia mwishoni, unafunika mpaka liyeyuke.

Jumamosi saa kumi mkate wa pili ulikuwa kwenye sufuria na siagi yake, unasubiri jibini tu. Mama wa mgahawa akaita kutoka chini: ana vikapu viwili na goti bovu, tumpokee. Nikashuka na Karani. Mama yetu alikuwa amesinzia kwenye kiti barazani. Mume wangu alikuwa chumbani, mlango umefungwa, anatengeneza pasi yangu ambayo wala haikuwa imeharibika sana. Nikajiambia, dakika mbili tu.

Dakika mbili! Kila ngazi tano mama yule anasimama, anahema, ananisimulia habari za goti. Tulipofika ghorofa ya pili nikasikia harufu ya kuungua, nikapanda mbio. Nikakuta mlango wazi, madirisha wazi, jiko limezimwa. Shemeji yako amesimama katikati ya jikoni, ameshika sufuria kwa taulo, ananitazama kama mtoto aliyeamshwa ghafla.

"Mkate unaungua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nimesikia harufu."

Mdogo wangu! Mama wa mgahawa, aliyekuwa ndio kwanza anafika mlangoni anahema, akauliza polepole, "Harufu ya nini?"

Mume wangu akafumba macho. Akainama juu ya sufuria mpaka nikaogopa ataungua uso. "Mkaa," akasema. Akanusa tena. "Na nyuma ya mkaa... kitunguu saumu. Kidogo sana. Kama mtu anayeniita kutoka nyumba ya jirani."

Mimi nilikaa chini, palepale sakafuni, na kikapu cha jibini mapajani. Karani akaandika: saa kumi na dakika ishirini na tano, Baba amesikia kitunguu saumu.

Tuliukata ule mkate chini, pale palipokuwa peusi, tukajaza jibini mpaka likafurika, tukafunika. Tukauweka katikati ya meza, bila kisu, bila sahani. Mama yetu aliuliza kama tumeuza vyombo. Kila mtu akavuta upande wake. Jibini likavutika kutoka kwa mume wangu hadi kwa Mama, likanata kwenye miwani yake mipya, na Mama akasema, "Wamenifungua jicho, nyie mnaliziba." Nilimsikia mume wangu akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake huanza na kikohozi.

Alikula vipande vinne. Halafu akaweka mikono mezani, akamgeukia mama wa mgahawa.

"Siku ile ningekuua, mama."

"Hukuniua. Kula."

"Ngoja nimalize. Hukujua jambo moja. Pua ilikuwa imekufa tangu mwezi wa kwanza. Nilipokuja kwako nilijua, na sikukuambia. Haikuwa bahati mbaya. Nilikosa."

Yule mama akauweka chini mkate wake. Sura yake ilibadilika, na mimi nikaona leo karamu imekwisha. "Hilo sikulijua," akasema. "Nilidhani ulisahau. Kumbe ulificha. Jikoni kwangu kuna wasichana watatu wa watu."

"Najua."

Jibini likaanza kuganda mezani. Mwisho yule mama akavuta kipande kingine, akakipasua kati, nusu akamwekea mume wangu mbele yake.

"Utarudi kumaliza kazi yangu," akasema. "Utakuja na kile kifaa kinacholia gesi ikivuja, na povu utalipaka mbele ya macho yangu haya. Hata pua ikirudi iwe kama ya mbwa, utapaka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Haya, kula kabla halijawa gundi."

Hayo yalitokea wiki tatu zilizopita. Jumatatu yake aliburura sanduku kutoka chini ya kitanda. Lakini hakuanza na kazi mpya. Alikaa na Karani wakaandika kila nyumba aliyofanyia kazi tangu mwezi wa kwanza hadi wa nne, nyumba ishirini na tatu, na amezirudia zote, mlango kwa mlango, na povu na kile kifaa. Kila mlango anasema ukweli wake kwanza. Wengi walimshukuru. Mmoja alimfukuza kwa maneno ambayo Karani alikatazwa kuyaandika. Katika nyumba moja alikuta ungio limelegea, ndani mnalala wazee wawili. Akalikaza. Siku hiyo alirudi amenyamaza, lakini ulikuwa ukimya mwingine, wa mtu aliyewahi.

Pua yenyewe, nisikudanganye tena, haijarudi yote. Kitunguu saumu anakipata, limau linakuja na kuondoka. Kahawa bado ni bati. Vikopo vinne viko mezani tena, asubuhi na jioni, na daktari anasema dalili ni nzuri ila tusimharakishe.

Sasa wewe. Uliniandikia kwamba mnaishi watano katika nyumba moja, wote wa ghala moja, na mnapishana kwenye korido kama watu wanaosubiri treni tofauti, kila mtu na rafu yake kwenye friji. Yule unayemwita Bi Kufuli, ambaye tangu uhamie hajakusalimu, muulize kama anajua kukuna jibini. Usimwalike kula. Mwombe msaada. Watu wengi hukataa kualikwa, lakini wachache hukataa kuombwa. Uoke mkate, uuweke katikati, ufiche visu. Ukiungua chini, kata, endelea.

Mama anakusalimu sana na anauliza lini utakuja akuone kwa jicho jipya. Mjomba dereva anakusalimu. Shangazi wa chini anakusalimu, na anasema lile sweta ulilomtumia amelivaa hadi kanisani. Karani anakuomba umwandikie harufu tano za huko uliko, anataka kuziweka kwenye daftari. Nisalimie wote wanne wa nyumba yako, hata Bi Kufuli.

Nilikuwa nataka kufunga hapa, ila asubuhi hii nimeketi kwenye cherehani, shemeji yako akapita nyuma yangu kwenda kuchukua koti. Akasimama. Akainama karibu na shingo yangu.

"Umebadilisha sabuni?" akaniuliza.

Nilibadilisha mwezi wa pili, Kifaranga. Nikamwambia hivyo. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu palepale, na mpaka sasa ninapoandika mstari huu bado hajaenda kuchukua hilo koti.

Mungu akulinde mikono kazini, akulainishie usingizi, na akupe watu wa kuvuta nao mkate.

Mimi dada yako akupendaye, sasa na siku zote,

Dada Mkubwa