Nguzo za Aristide

Kasekese,
Wilaya ya Tanganyika, Katavi.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Spès,

Amani ya Bwana ikukute salama huko Kibondo. Magoti yanakuruhusu bado kwenda shamba? Mimi sitoki tena uani, na pumzi hainitoshi hata kumaliza uji. Mahindi tumepata. Habari njema zimeishia hapo, maana nakuandikia kwa hasira.

Mwanao Aristide alirudi kwako na aibu isiyo yake. Mwanangu Maiko alimfukuza baada ya dari la stoo kuanguka na kumvunja mkono mkewe Hana. Alimwambia mbele ya majirani, "Fundi gani wewe? Umewajengea mchwa chakula. Nguzo hukuzipaka oili." Aristide akajibu, "Kaka, chimba uone." Hakuna aliyechimba.

Nimefundisha kilimo maisha yangu yote, wadudu hawa nawajua. Mchwa hutoka ardhini, hupanda kwa njia ya udongo, huanza na mguu wa nguzo. Dumuzi hana habari na udongo. Hutoboa tundu dogo la mviringo na kumwaga unga kama wa muhogo.

Siku ile niligonga nguzo kwa fimbo. Zilikuwa ngumu, nyeusi kwa oili chafu. Miti ya dari ndiyo iliyokuwa unga mtupu, ukanidondokea kofiani. Huko juu Maiko alirundika makopa ya muhogo msimu mzima, na Aristide alimkataza. Dumuzi walishiba makopa, wakahamia kwenye miti.

Nilijua, nikanyamaza. Maiko ndiye anayenilisha, nikauogopea uji wangu. Naungama kwako kabla ya kuungama kwa padre. Mdomo uliofundisha watoto wa watu ulishindwa kumtetea mpwa wangu, nao naukasirikia kuliko ninavyomkasirikia Maiko.

Jumapili niliwaita majirani wale wale, nikamwagiza Maiko achimbe mwenyewe. Alichimba mpaka kwenye kitako cha nguzo. Nzima. Nikamwambia, "Sasa nenda kamlete mwenzako." Anasema ataenda akipata nafasi. Mimi nafasi hiyo sina.

Basi nimewaagiza wazee wa jumuiya: udongo wa kwanza kaburini kwangu autupe Aristide, siyo Maiko. Kama hajafika, wanisubirishe.

Wasalimie Providence na Joséline. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake. Na mwambie Aristide nguzo zake bado zimesimama.

Kaka yako akupendaye,
Telesfori